Mlio Upitao Ukuta: Mas-ala ya Mwenye Gari na Sikio la Jirani

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa macho yenye kope na masikio yasiyo kifuniko, na akamfanya jirani kuwa amana ya jirani. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Limezuka katika zama hizi jambo ambalo wazee hawakuliona, na watu wanalipokea kana kwamba halina hukumu. Nalo ni hili: mtu hununua gari lililotoka kiwandani na redio yake, kisha asitosheke na sauti ya redio ile. Humwendea fundi, akamtilia nyuma ya viti boksi la sabufa, na chini ya kiti mashine ya kukuza sauti iitwayo amplifaya, hata gari likipita njiani vioo vya nyumba hutikisika na mabati hulia. Je, mtu huyu ametumia haki yake, au amekula haki ya mwenziwe? Hilo ndilo litakalotazamwa katika karatasi hizi.

Mfano wake hauhitaji kutafutwa katika miji mikubwa. Na itazamwe njia iteremkayo kutoka Mbinga hata Mbamba Bay, katika Mkoa wa Ruvuma, kiasi cha kilomita 66. Juu ni milima ya Wamatengo na mashamba yao ya kahawa. Chini ni mwambao wa Ziwa Nyasa, wenye Mbamba Bay, na Liuli, na Lituhi, na vijiji vya wavuvi vilivyo baina yao. Zamani njia hii ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Leo ni ya lami, na Noah na Coaster hupanda na kushuka mchana na usiku. Waislamu wa huko hukaa ukuta kwa ukuta na Wakristo, ambao ndio wengi, na haki ya ujirani haikuulizwa kwanza dini ya mwenye nyumba.

Na ichukuliwe sura moja, isiyo ya mtu maalumu. Kijana wa mwambao ana Noah ya kuchukulia abiria. Si mtu mwovu: haibi, hapigani, na akiitwa usiku kumpeleka mgonjwa hospitali huenda bila ya kuuliza nauli. Ametia sabufa, na hupenda kuiwasha kabla ya alfajiri anapolipasha gari moto kwa safari ya kwanza. Ukutani kwake anakaa mvuvi, ambaye usiku wote yuko ziwani na taa yake akivua dagaa, na alfajiri ndio usiku wake. Mkewe ana mtoto ambaye hajatimiza siku arobaini. Asubuhi moja mlio ukamshitua mtoto, naye mvuvi akatoka na maneno kinywani. Alipomwona kijana akicheka na kumwamkia kwa adabu, akakumbuka ya kuwa wiki iliyopita ni yeye aliyemchukua mama yake mgonjwa usiku wa manane bila ya kutaka hata senti. Akaitikia salamu, akarudi ndani. Wema wa jana ukaufunga mdomo wa leo.

Sura hii ndiyo ngumu, kwa kuwa dhalimu mwenye makusudio hukumu yake haina mashaka. Mashaka yako kwa mtu mwema adhuruye naye hajui.

SURA YA JAMBO LENYEWE

Wanavyuoni husema ya kuwa kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Basi na lijulikane kwanza.

Redio itokayo na gari hutwaa nguvu zake katika betri ya volti 12, na kikuza sauti kilichomo ndani yake ni kidogo. Nguvu yake ya kweli aghlabu haipiti wati 20 kwa kila spika, ijapokuwa maandishi ya usoni husema zaidi. Spika zake za milangoni ni ndogo, haziwezi kusukuma hewa nyingi. Na sikio la mtu mwenye afya husikia mitikisiko tangu 20 hata 20,000 kwa kila sekunde. Sauti nene iitwayo besi ni ile ya chini, tangu 20 hata 100 hivi, nayo ndiyo itakayo spika pana na nguvu nyingi. Kwa hiyo fundi huvuta waya mnene kutoka katika betri, na fundi mwaminifu huutia fyuzi karibu na betri yenyewe, ili waya ukikwaruzika na kugusa chuma usiwashe moto. Waya wa pili huufunga katika chuma kitupu cha bodi. Sauti huitwaa katika waya za spika za redio ya asili, ikiwa redio hiyo haina tundu la kutolea sauti. Kisha huweka kichujio ili sabufa ipewe besi peke yake. Mashine itoayo wati 500 za kweli, mlio wake ukiwa mkubwa, huvuta katika betri zaidi ya ampea 40.

Na katika khabari hizi zote, lililo muhimu kuliko yote ni tabia ya besi. Wimbi la mlio wa mitikisiko 40 kwa sekunde urefu wake hupita mita 8. Wimbi la namna hiyo halizuiwi na ukuta wa tofali wala dirisha lililofungwa. Dirisha huzuia sauti nyembamba, na nene hupita. Kwa hiyo mwenye gari na jirani yake hawasikii kitu kimoja. Mwenye gari asikia maneno na utungo na sauti ya mwimbaji au ya msomaji. Jirani hapati chochote katika hayo illa kishindo, pigo baada ya pigo, lisilo neno wala maana. Mwenye gari hudhani ya kuwa anamgawia jirani starehe yake, kumbe amebaki na starehe, na taabu ndiyo aliyoigawa.

Ama ala zenyewe, si haramu kwa dhati yake, kama kisu kisivyokuwa haramu kwa dhati yake. Hutoa khabari, na mawaidha, na kisomo, na nyimbo. Na katika nyimbo na ala za muziki wanavyuoni wana maneno marefu: Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipambanua baina ya namna na namna katika kitabu chake cha Ihya, na Ibn Hajar al-Haytami, katika karne ya 16, aliandika kitabu kizima cha kukataza. Anayetaka mas-ala hayo yana vitabu vyake. Swali la hapa li mbali na hayo, kwa sababu mlio upitao ukuta humdhuru aliyelala sawasawa, ukiwa umetoka katika kilicho halali au katika kilicho haramu.

HOJA NA MAJIBU YAKE

Akisema msemaji: "Gari ni mali yangu, na betri ni yangu, na mafuta ni yangu. Na madhehebu ya Imam Shafii yampa mwenye mali khiari katika mali yake. Imam Nawawi katika Minhaji ameruhusu mtu afanye duka lake kuwa la mhunzi katikati ya soko la wauza nguo. Nyundo ya mhunzi ikiwa imeruhusiwa, sabufa itakatazwaje?"

Hujibiwa ya kwamba amesema kweli, lakini amekata maneno katikati. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ameruhusu kwa sharti: mtu achukue hadhari na aziimarishe kuta zake. Na tangu mwanzo mwenye mali ameruhusiwa atumie mali yake kwa kadiri ya ada ya watu, na akiipita ada hubeba dhamana ya alichokiharibu. Sasa na yatazamwe mambo matatu. La kwanza, mhunzi ana kuta za kuimarisha, na gari halina ukuta uzuiao besi. La pili, mhunzi ana haja: asipogonga chuma hapati jembe, na wanawe hawali, lakini Noah hufika Mbamba Bay kwa injini na magurudumu, haifiki kwa sabufa. La tatu, na ndilo kubwa, mhunzi yuko dukani kwake, na mwenye gari yuko katika njia. Njia si milki ya mtu, ni haki ya wote, na Mtume (rehema na amani zimshukie) alipowaelekeza wakaao njiani aliwataka waipe njia haki yake, na katika haki hizo ni kuzuia maudhi. Tena yuko katika wakubwa wa madhehebu hii, naye ni al-Ruyani, aliyeona ya kuwa katika mambo ya namna hii kadhi na aangalie, na amzuie mwenye mali ikidhihirika ya kuwa anataabisha watu kwa ukaidi. Basi anayetafuta mlango katika maneno ya mafakihi na aingie pamoja na masharti yao.

Akisema: "Jirani hajanilalamikia. Angeudhika angesema."

Hujibiwa: Kunyamaza kuna sababu nyingi, na ridhaa ni moja tu katika hizo. Mmoja hunyamaza kwa khofu, na wa pili kwa uchovu, na wa tatu kwa kuwa ni mgeni katika mji au ni wa dini nyingine, akaogopa neno lake lisigeuzwe kuwa fitina. Na wa nne, kama yule mvuvi, hunyamaza kwa haya, kwa sababu ametendewa wema. Na mafakihi wa Kishafii wamesema ya kuwa mali itwaliwayo kwa kumtahayarisha mwenyewe hukumu yake ni kama mali iliyotwaliwa kwa nguvu. Ikiwa shilingi iliyotolewa kwa haya si halali kwa aliyeipokea, usingizi uliotolewa kwa haya utakuwa halali namna gani? Bali mwenye kutenda wema anatakiwa ajihadhari kuliko mwingine, kwa kuwa watu wake hawana ulimi mbele yake. Wema ukitumika kumnyamazisha aliyetendewa, umekuwa kama bei ya kitu ambacho mwenyewe hakukiuza.

Akisema: "Lakini mimi huweka kisomo cha Kurani na mawaidha. Je, hayo nayo ni maudhi?"

Hujibiwa: Hapa ndipo watu wengi wa dini hujikwaa, kwani huona ya kuwa utukufu wa kinachosomwa huondoa hukumu ya namna kinavyosomwa. Imepokewa ya kuwa Mtume (rehema na amani zimshukie) alikuwa katika itikafu msikitini, akawasikia watu wakisoma kwa sauti kubwa. Akafunua pazia, akawatanabahisha ya kuwa kila mmoja anamnong'oneza Mola wake, basi wasiudhiane wala wasipandishiane sauti katika kusoma. Na hao walikuwa msikitini, na walikuwa macho, na walikuwa wakisoma kwa vinywa vyao, hawana betri wala waya. Na katika sura ya Luqman mzee yule mwenye hekima alimuusia mwanawe apunguze sauti yake, wala hakumwambia apunguze katika upuuzi peke yake. Kisomo kikipita ukuta, herufi zake hubaki upande wa pili, na aliyelala hufikiwa na kishindo kile kile. Basi aliyelitia Neno la Mungu katika sabufa usiku wa manane amewafanya watu walichukie wasilolisikia, na dhambi ya chuki hiyo huenda ana fungu lake.

Na wala isisemwe ya kuwa maneno haya yanaigusa adhana. Adhana ina nyakati zake zijulikanazo, na ni fupi, na ni wito wenye haja. Ama kuviacha vipaza sauti vya msikiti wazi usiku kucha kwa kaswida au darsa, hali waliotaka kuhudhuria wako ndani na waliobaki wamelala, hukumu yake haiko mbali na hukumu ya Noah. Uadilifu ni mtu kujipimia kwa kibaba kile kile anachowapimia wengine.

Akisema: "Vilabu vya pombe hupiga ngoma hata asubuhi, na wengine nao wana vipaza sauti vyao. Kwa nini nianze mimi?"

Hujibiwa: Kosa la mwenzio si ruhusa yako. Serikali ya Tanzania ilitunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira mwaka 2004, na mwaka 2015 zikatolewa kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo. Na kule kutajwa mitetemo kwaonyesha ya kuwa hata watunga kanuni wametambua ya kuwa madhara si ya sikio peke yake. Kanuni hizo ni juu ya klabu, na juu ya gari, na juu ya nyumba za ibada. Lakini mwenye dini hangoji askari. Sheria ya serikali humzuia mtu pale anapoonekana, na haki ya jirani humzuia hata gizani.

SOMO LA MILIMA YA UMATENGO

Wamatengo wana ilimu ambayo wageni wameisafiria ili waitazame, nayo ni kilimo cha ngolo. Milima yao ina miteremko mikali, na mvua ya huko ingeweza kuchukua udongo wote mabondeni. Basi wao hulaza nyasi chini kwa mistari ipitanayo, wakazifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba wakaacha shimo. Mazao hupandwa juu ya matuta, na maji ya mvua huingia katika mashimo yakatulia humo. Mmatengo hakumwambia aliye chini yake, "Mvua imenyesha shambani kwangu, na maji ni yangu, niyaache yaende yatakako." Ameyachimbia shimo, yakamfaa yeye wala yasimharibie aliye chini.

Na sauti ni kama maji: haijui mpaka wa kiwanja. Aliye na sauti nyingi imempasa ngolo kubwa. Lau mwenye gari angejifunza kwa mkulima huyu, angelijua ya kuwa kumiliki kitu kitiririkacho ni kumiliki pamoja na wajibu wa kukizuia. Na mwambao ule wastahili hadhari kuzidi, kwani usiku hewa iliyo juu ya maji hupoa, na sauti huinama ikasafiri mbali juu ya ziwa. Kinachopigwa ufukoni husikiwa na mitumbwi iliyo mbali, na katika vijiji vya pili.

MADHARA YARUDIYO KWA MWENYEWE

Na asidhani mwenye gari ya kuwa maneno haya ni kwa ajili ya jirani peke yake. Sikio ni amana. Ndani yake mna vinyweleo vidogo vipokeavyo sauti, navyo vikifa kwa kelele havioti tena. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani wameweka mpaka wa desibeli 85 kwa muda wa saa 8, na kila zikizidi 3 muda hukatwa nusu. Hata zikifika 100, muda wake ni dakika 15 tu. Kijana aendeshaye toka Mbinga hata ziwani na kurudi, na sabufa nyuma ya kisogo chake, anauza usikivu wa uzee wake kwa starehe ya siku moja.

Tena kuna israfu, na hapa ipo siri inayostahili kufikiriwa. Ili sikio lione ya kuwa sauti imekuwa maradufu, nguvu ya mashine hutakiwa izidishwe kama mara 10. Aliyekuwa na wati 20 akitaka maradufu atafute 200, na akitaka maradufu ya pili atafute 2,000. Lakini wati 2,000 katika volti 12 ni zaidi ya ampea 160, nazo alteneta ya gari dogo haizitoi. Basi hununua betri ya pili, na waya mnene zaidi, na taa za mbele hufifia kwa kila pigo, katika kona za milima ile ambazo dereva anahitaji aone vizuri kuliko mahali pote. Hivi ndivyo matamanio yote yalivyo: gharama huenda kwa makumi, na ladha huenda kwa mojamoja. Fedha ya kahawa au ya dagaa iliyopatikana kwa jasho la msimu mzima huishia katika boksi, na nyumbani karo haijalipwa. Na aghlabu kinachotafutwa ni watu kugeuza shingo, kwani aliye ndani ya gari angetosheka na chini ya hapo.

HUKUMU

Yatokayo katika maneno haya ni kwamba kutia sabufa na amplifaya ni jambo la mubaha kwa asili yake, na hubaki katika uhalali kwa masharti. Mlio wake utoshe ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa, wala usiingie katika nyumba ya mtu. Uzimwe wakati wa usiku katika makazi, na karibu na hospitali, na shule, na nyumba yenye msiba, na mahali pa ibada wakati wa ibada, iwe ya Waislamu au ya wengine. Abiria waulizwe, kwani aliyelipa nauli amelipia safari, hakulipia kelele. Fedha yake isiwe ya deni wala ya haki ya watoto. Na kazi yake ifanywe kwa amana, fyuzi mahali pake. Na fundi ajue ya kuwa naye ana sehemu, akimwona mteja ataka kishindo cha kutaabisha watu amnasihi kabla ya kutwaa ujira. Yakikosekana masharti hayo, mubaha hugeuka ukawa makuruhu, na yakidhihirika madhara huwa haramu.

Na aliyekwisha kudhuru asidhani ya kuwa kutubu kwa Mola wake peke yake kwatosha. Haki ya Mungu hufutwa kwa toba, na haki ya mja haifutwi hata mja aombwe radhi. Basi yule kijana mwema asingoje kuambiwa. Na aende mlangoni kwa mvuvi wakati wa jioni, aulize, "Mzee wangu, je, gari langu linawaudhi?" wala asiulize kama anayetaka kusifiwa.

Na mvuvi naye ana wajibu. Kunyamaza kwake kulikuwa kwa haya njema, lakini kumemwacha mwenziwe katika kosa asilolijua, na nasaha ni haki ya jirani kama usingizi ulivyo haki yake. Na amwambie kwa upole: "Mwanangu, wema wako kwa mama yangu siusahau. Lakini mtoto halali." Maneno hayo machache hayavunji wema, yanauondolea wema uzito uliokuwa ukiwakaa wote wawili.

Macho ya mtu yana kope, akichukizwa huyafumba. Masikio Mwenyezi Mungu hakuyapa kifuniko, na kifuniko cha sikio la mtu ni adabu ya jirani yake. Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuwa sitara wao kwa wao, na awape wenye nguvu kujizuia, na wenye haya kusema kweli. Amin.